Mruko wa Kurudi

Yafaa nieleze kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa yaliyokata barabara ya Garsen, shule yetu ya bweni ya wasichana haikuwa na mpira wala wavu. Maji yalikuwa yamelibeba ghala la michezo pamoja na vyote vilivyokuwamo. Mwalimu wa michezo alibaki na kitabu kikuukuu, na ndani yake picha ya jimnastiki ya timu katika mashindano ya mwanzo ya mataifa: wanaume wenye masharubu, wamevaa nyeupe, wamepangwa safu kwa safu, mikono yote imeinuliwa kwa kimo kimoja. Alitusomea kanuni iliyoandikwa chini yake. Timu nzima hupewa alama moja, na kosa la mmoja hukatwa kwa wote. Mchezo usiotaka kifaa ila miili ulitufaa.

Tulikuwa kumi na wawili, mabinti wa wakulima wa kando ya mto na wa wafugaji wa mbugani. Kilele cha zoezi letu kilikuwa hiki: mmoja alilala chali, kumi na mmoja wakamruka kwa zamu, kisha wakageuka na kumruka tena kurudi. Wa kulala alikuwa msichana wa Hewani, aliyekuwa rika letu lakini alinifika kwapani tu.

Kwetu mkulima na mfugaji hubishana juu ya mengi, lakini si juu ya hili: aliyelala akirukwa hakui tena, mpaka aliyemruka amruke kurudi alikotoka. Sisi tuliongeza sharti letu la bwenini, kwamba wa mwisho kuruka ndiye aanze kurudi, kama mkeka unavyofumuliwa. Wa mwisho nilikuwa mimi. Ndiyo maana kila baada ya mazoezi alinishika mkono.

“Umerudi, dada? Nilifumba macho.”

“Nimerudi.”

Asubuhi ya mashindano, uwanjani Garsen, tukiwa tumeshindanishwa na shule moja ya Tarasaa, mwalimu aliarifiwa kwamba muda umepunguzwa. Akauondoa mruko wa kurudi.

“Msimwambie,” alisema. “Akijua, hatakubali kulala.”

Hatukumwambia. Tulimruka sote. Nilipotua nilijiunga na safu, tukainua mikono kwa pamoja, vizuri kuliko siku zote. Yeye alibaki chali juu ya udongo mweusi uliopasuka, macho ameyafumba. Waamuzi wakangoja.

“Inuka!” mwalimu alimkemea.

“Bado hawajarudi, mwalimu.”

Uwanja mzima ulicheka. “Mleteeni shuka!” mtu akapaza sauti. Alama zikakatwa, kombe likaenda Tarasaa.

Tuliporudi shuleni, msichana yule alituuliza nyuma ya madarasa, mmoja mmoja, tutamruka kurudi lini. Nahodha wetu ndiye aliyejibu. “Kisiki wewe! Umetunyima kombe, nasi tunakunyima kimo. Baki hapo hapo.” Tukaapa kwamba hakuna atakayemruka. Mimi niliapa pamoja na wenzangu, wala sikushurutishwa.

Alasiri ya pili yake nilikuwa nikitoka bombani na ndoo kichwani. Nilimkuta amejilaza katikati ya njia ya kwenda bwenini, nguo zake za shule zimelowa tope.

“Dada, ni wewe tu. Ukianza wewe, wao watafuata.”

Hatua moja ingetosha. Nilishuka kando ya njia, nikamzunguka polepole, nikichunga maji yasimwagike. Wenzangu waliokuwa nyuma yangu walimwimbia, “Kua basi, kisiki! Kua tukuone!” Nami nilicheka.

Alijilaza pale kila alasiri mpaka shule ilipofungwa, na sote kumi na mmoja tulipita kando. Muhula uliofuata hakurudi.