Fundi Anayepima Kitambaa kwa Shavu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, natunga uzi kwenye sindano. Nimeshatunga tisa na kuzichomeka kwenye kipande cha sifongo, tano za uzi mweupe na nne za bluu, maana fundi, ambaye mama hunileta kumsaidia siku zisizo za shule, anataka azikute tayari. Zamani kazi hii aliifanya mwenyewe huku anapiga soga na mteja, wala haangalii.

Wateja wanamwita Bi Pindo. Nguo haitoki mlangoni kwake kabla hajaigeuza nje ndani akakagua pindo, hata kama mwenye nguo ameshachelewa harusi. Ana miaka hamsini na mbili. Chumba chake cha kazi kina cherehani moja ya mguu, meza ya kukatia, benchi la wateja na kopo kubwa la bati lililojaa vifungo.

Sasa hivi ameshika kola ya shati la shule. Anachomeka pini, anaigeuza kola, anachomeka tena. Naona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe, dogo kama kichwa cha pini. Halafu la pili.

"Bi Pindo, kidole," nasema.

Anakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Pini imeingia na imetulia humo. Anaichomoa, anajifuta, kisha ananigeukia mimi.

"Kumbe unaongea. Nilidhani mama yako kaniletea picha."

Kola ile imebidi ikatwe upya. Ni ya tatu mwezi huu.

Mwaka jana Bi Pindo aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza kemo, dawa ya saratani ya kuwekewa mshipani, dripu kumi na mbili, moja kila wiki. Amemaliza saba. Nywele zilipokatika hakulia. Alijishonea vilemba sita vya mabaki ya vitambaa, kila kimoja na pindo lake. Kilichomliza ni ganzi.

Ilianza baada ya dripu ya pili. Ncha za vidole zikawa kama zimevalishwa kitu kizito. Nyayo zikawa zinawaka moto, halafu hazisikii kabisa. Kandambili humtoka njiani yeye akaendelea na safari, na watoto wa jirani humkimbilia nayo wakisema, "Bibi, umesahau mguu."

Zamani alishona mashati manne kwa siku. Sasa ni moja, na siku ikiwa nzuri, moja na nusu. Vidole havimwambii tena hii ni pamba na hii ni nailoni, kwa hiyo anainua kitambaa na kukilaza shavuni, anafumba macho, anasikiliza.

"Shavu bado halijapata habari za ugonjwa," anasema. Wateja wageni wanadhani ananusa.

Ana mtoto mmoja, binti anayefanya usafi hotelini katika mji wa mbali. Huyo ndiye aliyemtumia vidonge. Chupa ya kwanza ilikuja imeviringishwa ndani ya soksi za sufu, kwa sababu mama alilalamika miguu. Ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Ya kwanza ni ya mishipa ya fahamu, ya pili ya nguvu, ya tatu ya damu. Muuzaji alimwambia binti hizo ni vitamini tu, hazina shida yoyote. Binti akaanza kuchukua na zamu za Jumapili ili aweze kuzinunua.

Bi Pindo alimeza vyote kila siku kwa wiki nne. Kliniki hakusema. Hata ganzi yenyewe hakuisema. Kila nesi alipomuuliza kuhusu mikono na miguu, alijibu haijambo.

Nilitaka kumuuliza kwa nini, nikaona aibu, nikaendelea kupanga vifungo. Akajibu mwenyewe, kazi iko mkononi.

"Nikisema vidole vimekufa, watanipunguzia dripu. Wakinipunguzia, hiki kitu kikarudi je? Basi nikaamua vidole viende. Halafu nikikaa kwenye cherehani hii, nasema hapana, bila vidole mimi ni nani? Ndiyo maana nikazishika zile chupa."

Jumamosi hiyo, baada ya kola kuharibika, alinipa chupa zote tatu na daftari lake la vipimo. Alitaka nimwandikie ratiba kwa herufi kubwa, kwa kuwa alikuwa anasahau kipi ni cha asubuhi na kipi cha jioni. Daftari lile lina kurasa za watu, kifua, kiuno, mkono, urefu. Nikachora vilevile. Juu niliandika chupa tatu, pembeni vilivyomo ndani, na kiasi cha kila kimoja. Maandishi ya kwenye chupa ni madogo kama mayai ya chawa, ikanichukua karibu saa nzima.

Nilipomsogezea daftari, mimi sikuwa nimeona kitu. Yeye amesoma vipimo kwa miaka thelathini. Kidole chake kilifika mstari wa nne kikasimama.

"Hii vitamini B6 ipo chupa hii. Na hii. Na hii pia. Mbona mtu mmoja umempa viuno vitatu?"

Nikamwambia sijakosea, ndivyo walivyoandika. Tukajumlisha pamoja, tukajumlisha tena. Bi Pindo akalifunga daftari na kulitia mfukoni pamoja na chupa zote. Siku hiyo hakumeza.

Jumatatu likizo ya shule ilikuwa imeanza, na mama akaniruhusu nimsindikize kliniki, nimshike mkono kwenye ngazi. Mfamasia wa pale ni baba wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizipanga chupa kwenye kaunta, akalisoma daftari polepole, akauliza nani kaliandika. Bi Pindo akaninyooshea kidole. Mimi nikaangalia vigae.

Hakumgombeza. Alimweleza kwamba vitamini B6 mwili unaihitaji, lakini ukiizidisha kwa muda mrefu, yenyewe inaumiza mishipa ya fahamu na kuleta ganzi, ileile anayoitafutia dawa. Chupa ya pili ina kitu kingine ambacho wataalamu walikijaribu kwa wanawake wanaopata dripu ya aina yake. Waliokimeza walizidiwa na ganzi kuliko ambao hawakukimeza.

Chupa ya tatu aliizungusha mara nyingi.

"Hii sijui," alisema. "Vitamini wameandika kiasi, lakini kuna majani manane humu na kiasi chake hakipo. Siwezi kukwambia ni sumu, siwezi kukwambia ni salama. Inaweza kugombana na dripu, inaweza isigombane. Kwa sasa, mama, kutojua kwangu kunatosha kukuomba uiache."

Bi Pindo akamuuliza, basi vidonge gani vinavyofaa. Mfamasia hakupamba maneno. Alisema hakuna vitamini iliyothibitika kuondoa ganzi ya namna hii. Ipo dawa ya hospitali inayowapunguzia baadhi ya watu maumivu, lakini hiyo ni ya daktari kuamua. Kama ganzi yake imeletwa na dripu au imeongezwa na chupa, hilo naye hakuweza kulisema siku ile.

"Ila daktari asipoambiwa," alimaliza, "atadhani dripu inakupenda."

Nyuma yetu watu walikuwa wanasogea kwenye foleni. Bi Pindo akaweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa shuleni.

"Basi niandikie," alisema. "Vidole kumi. Na nyayo."

Daktari alimwona siku hiyohiyo. Dripu ya nane imeahirishwa kwa wiki moja na itakuja na kipimo kidogo zaidi. Alimwambia ganzi inaweza kupungua taratibu matibabu yakiisha, kwa miezi, na wengine hubaki nayo kidogo. Bi Pindo alimuuliza mara tatu kama kupunguza ni kuacha. Mara tatu akajibiwa siyo kuacha. Ya tatu daktari aliijibu akiwa amemshika mkono, nadhani yeye mwenyewe Bi Pindo hakusikia kuwa ameshikwa.

Sasa ni Jumatano na lililobaki ni binti. Ameandika kwamba Ijumaa anatuma chupa nyingine mbili.

"Kuviacha nimeviacha," Bi Pindo anasema. "Kumwambia ndiyo kazi. Mwanangu ameinama kwenye sakafu za watu Jumapili zote hizo kwa ajili ya hizi chupa."

Anasema, mimi naandika kwenye simu. Kwanza anasema chupa zilipotea njiani. Ananiambia nifute. Halafu anasema ganzi imekwisha, amepona. Ananiambia nifute. Anachukua kitambaa cha bluu alichokikata tangu asubuhi, anakilaza shavuni. Hicho si cha mteja. Ni gauni la kazi la binti yake. Anapanga kulishona kidogokidogo hadi dripu ya kumi na mbili, na pindo lote atalipiga kwa mkono, vidole vikikubali.

Kisha anasema tena, na mara hii hanifutishi:

"Mwanangu, chupa zote zilifika. Nimeziacha, mfamasia anasema zinaweza kuniongezea ganzi. Nilificha kliniki, kosa ni langu, wewe huna kosa. Soksi nazivaa kila siku. Usinunue nyingine. Jumapili pumzika, au njoo. Nimeona kwenye picha gauni lako la kazi limefumuka pindo."

Natuma. Simu ikitetemeka mkononi au mfukoni, Bi Pindo haisikii. Kwa hiyo anaiweka juu ya kopo la vifungo. Ikitetemeka, vifungo vitalia.

Ujumbe umefika saa tano na robo. Saa saba naaga. Kola moja imekamilika, nyeupe, haina doa, na kopo liko kimya.