Kabichi za Absalom

Mimi nina mdomo, najua. Lakini mtu akikuonyesha kabichi ndogo kama ngumi ya mtoto, akuambie ati amevuna, utanyamaza?

Huyo alikuwa Absalom. Mwaka huo wa 2006 kanisa letu la Matisi, hapa Kitale, lilitoa kipande cha shamba kwa watu waliokuwa wakilala nje, kila mtu na matuta yake, na mimi Sellah, mama yake Hillary, nikawekwa kuwasimamia. Absalom alikuwa amelala kwa veranda za maduka tangu mke wake afariki. Mchana alisukuma mkokoteni sokoni akitaniana na kila mtu. Kazi aliijua. Kungoja ndiko kulikomshinda.

"Mama Hillary, ningeziacha zingeibiwa," akaniambia.

"Na nani? Mimi?"

"Si wewe, bana. Lakini kitu ukiacha nje, asubuhi hukipati."

Wenzake walikuwa hivyo hivyo. Mmoja wao, aliyeitwa Wangu, alichimba viazi vikiwa kama gololi. Kule walikotoka, ukiweka blanketi chini uende chooni, ukirudi limeenda. Niliwaelewa, lakini niligomba tu. Msimu mzima tulikula mboga changa mpaka nikachoka.

Kitu kilichomuuma Absalom kilikuwa kimoja: binti yake Nelima, ambaye dada yake Absalom, Pauline, alikuwa anamlea kule Mabanga, karibu na Bungoma. Absalom alipopata chumba cha kupanga, Pauline alimwambia wazi: "Nitakuja Agosti nione. Nikikuta umetulia, mtoto anabaki na wewe. Nikikuta ni yale yale, narudi naye, na usiniulize tena."

Basi akapanda upya. Kila asubuhi nilimkuta amechuchumaa pale, anazipapasa kabichi moja moja, mkono unamwasha.

"Toa mkono!" ninamfokea. Anacheka, anautia mfukoni.

Agosti Pauline akafika, na Nelima nyuma yake amebeba begi. Pauline ni mkulima. Alizunguka matuta, akabonyeza kabichi moja moja. Tukanywa chai, tukacheka sana. Wakati wa kuaga akafungua kikapu chake. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, hata mtoto anajua.

"Haya, ndugu yangu, nikatie kabichi mbili tatu nipeleke nyumbani."

Nikampa Absalom kisu mimi mwenyewe. Akaangalia kabichi, akaangalia msichana wake. Kisha akanirudishia kisu.

"Hapana, dada. Hazijakomaa. Bado wiki mbili hivi."

Woi! Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Kumnyima mgeni, tena dada yako, tena siku hiyo! "Absalom, una wazimu? Mkatie!"

"Zitakuwa hapa, Mama Hillary," akasema. "Dada, zitakuwa hapa. Nitakuletea mwenyewe."

Mimi nikakimbilia sukuma wiki zangu, nakata ovyo ovyo nimjazie kikapu, moyoni nikijua mtoto ndiye huyo anarudi Bungoma.

"Wiki mbili?" Pauline akauliza.

"Wiki mbili."

Akamvua Nelima begi begani, akamkabidhi baba yake.

"Basi mje nazo wawili. Peke yako hutaweza kuzibeba."