Gari Lililoacha Kuvuja

Kabla hujasema ni uongo, ujue mimi nilishasema hivyo kabla yako. Nimesoma fizikia chuo kikuu miaka mitatu. Nyumbani Tanga nilikuwa yule kijana anayewakera watu kwenye hitima kwa kuuliza, "Nani aliona? Aliona akiwa wapi?" Leo nasimulia la kwangu. Nililiona kwa macho haya mawili, saa saba ya mchana, jua la utosi, bila homa wala kilevi. Lilitokea.

Baba alipofariki aliniachia gari dogo lililonizidi umri, na lilikuwa linavuja oili. Ami Seif, mdogo wake baba, alikuwa akilicheka kila akija kwetu: "Gari lenu hili halijamaliza chekechea. Kila likilala linakojoa."

Fundi wangu wa Pongwe alisema ni sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili isitoke, na kuifikia ni lazima gia boksi ishushwe. Nikabisha. Niliosha injini kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikainyunyizia poda ya watoto, kisha nikaendesha hadi Horohoro na kurudi. Kwenye ile poda palikuwa na mstari mweusi, umeshuka kutoka juu kabisa, kwenye mfuniko wa injini. Nikabadilisha gasketi ya pale kwa mikono yangu, nikaenda kumwonyesha fundi ushahidi.

Akautazama. "Gari laweza kuvuja juu na nyuma pia, msomi. Umeona kimoja ukaacha kutafuta."

Sikumsikiliza.

Wiki mbili baadaye Ami Seif aliugua akiwa shambani kwake Mkwaja. Ngiri aliyoishi nayo miaka mingi ilijibana, tumbo likavimba, akawa anatapika kila akinywacho. Tabibu wa zahanati alinipigia simu: "Mfikishe hospitali kubwa Tanga leo hii. Utumbo ukioza, tumempoteza." Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Nikaenda mimi.

Nilipofika Mkwaja nilipima oili, nikakuta imeshuka sana. Nikamimina yote niliyobeba. Tulimlaza Ami kiti cha nyuma, majirani wakatuombea dua, tukaondoka sisi wawili.

Katikati ya mashamba ya mkonge, kabla ya Pangani, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima hapo hapo. Anayejua magari anajua: ukilazimisha na taa ile, injini inajitafuna yenyewe. Nikainama kuchungulia. Oili ilikuwa inatiririka kwa nyuma, pale pale aliposema fundi. Stiki ya kupimia oili ikatoka kavu. Simu haikuwa na mtandao. Nusu saa nzima hata bodaboda haikupita, na nyuma Ami alikuwa anaguna kwa maumivu, meno ameyauma.

Nilipoinua kichwa, palikuwa na mtu amesimama kando ya boneti. Sisemi alitoka hewani. Pengine alitokea kwenye mkonge mimi nikiwa nimeinama. Alivaa shati la kaki lililopigwa pasi. Hakusalimu. Nikamwamkia shikamoo, maana alikuwa mtu mzima, naye hakuitikia. Mtu mzima wa kwetu anayeiacha shikamoo ipite hivi hivi, umemwona wapi?

"Linavuja," akasema.

"Sili ya nyuma, mzee. Huna oili?"

"Ukimimina itatoka. Hapa panataka kuzibwa. Mgonjwa ni nani?"

"Ami yangu. Seif."

"Seif mtoto wa nani?"

Nikalitaja jina la babu. Akatikisa kichwa. "Nataka mama yake."

Sasa nisikilize vizuri. Pwani kwetu jina la mama hapewi mtu usiyemjua. Anayetaka kukusomea mabaya hukuitia kwa mama yako, kwa sababu kwa mama hakuna shaka. Niliyajua hayo tangu mtoto, na niliyacheka tangu sekondari.

Kule nyuma Ami aliinuka. Mtu ambaye hakuwa na nguvu ya kuomba maji alipiga kelele: "Weye! Usimwambie! Usimwambie, mwanangu, heri nifie hapa!"

Nilifikiri nini? Nilifikiri utumbo unaoza na dakika zinakwenda. Nilifikiri jina ni sauti tu. Nikasema, "Zuhura."

Yule mtu akalala chali mchangani, akajisogeza chini ya gari. Hakuwa na spana, hakuwa hata na kitambaa. Nikachungulia. Alikuwa ameweka kiganja kitupu kwenye injini, yenye moto wa kukubandua ngozi, ametulia kama mama anayepima homa ya mwanawe. Kisha akatoka. Mgongoni hakuwa na chembe ya mchanga. Kucha zake zilikuwa safi. Niambie wewe, umewahi kuona mtu akitoka chini ya gari linalovuja na kucha safi?

"Washa," akasema.

"Na oili?"

"Washa."

Nikawasha. Taa ikazimika. Niliposhuka kumshukuru, barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Nikavuta stiki: oili imefika alama ya juu. Nani aliimimina? Oili haizaliwi. Nililijua hilo nikiwa nimeishika stiki mkononi, na bado niliingia nikaendesha.

Ami alisema neno moja tu njia nzima: "Umemtaja mama yangu barabarani."

Tulifika hospitali kabla ya alasiri, akapasuliwa. Daktari alitoka na uso mkunjufu, akaniambia tumewahi, utumbo ni mzima. Nilikaa kwenye benchi nikijisifu kimoyomoyo.

Jioni ile mshono ukaanza kutoa damu. Haikuruka, ilidondoka. Tone, baada ya muda tone jingine. Walibadilisha bandeji, wakashona upya, wakamwongezea damu, chupa moja ikiwa yangu. Daktari alisema damu yake imekataa kuganda na akanieleza sababu kwa utaratibu. Sina la kumpinga. Ami alinitazama, midomo myeupe, akajaribu kucheka. "Sasa ni mimi niachaye doa kila nikilala."

Siku ya tatu, baada ya alfajiri, alikata roho.

Baada ya mazishi nililipeleka gari Pongwe, na safari hii nikamwambia fundi ashushe gia boksi. Sili ilikuwa imechanika, kidole kinapita. Pale palipochanika palikuwa pakavu kama jiwe. Fundi aliingiza kidole, akakitoa, akakitazama. "Nani alikushikia hili gari?" Akalirudishia kila kitu kama kilivyokuwa, akaniomba nisilirudishe kwake. Limeegeshwa nyuma ya nyumba mpaka leo, wala halijadondosha tone.

Nimejaribu kila maelezo. Labda stiki niliisoma vibaya. Labda uchafu uliziba tundu. Labda Ami alikuwa na ugonjwa wa damu usiojulikana. Kila moja linatosha likiwa peke yake. Kuyaweka pamoja ndiko kunakonishinda.

Basi wewe mwenye gari kuukuu, litengeneze likiwa nyumbani, na fundi akikwambia shusha gia boksi, shusha. Na ukikwama njiani na mgonjwa, akaja mtu asiyeitikia salamu akakuuliza mama wa mgonjwa ni nani, sema hujui. Hata ukionekana mshamba, sema hujui.

Maana jina nililolitoa halikuwa la Ami peke yake. Bi Zuhura alizaa watatu: baba yangu, Ami Seif, na shangazi yangu Mariamu, tunayeishi naye. Shangazi hajui nilichokisema barabarani. Anamenya muhogo kwa kisu kikali, macho yake yamepungua, na mara kwa mara hujikata. Mimi husimama mlangoni pa jiko nikijifanya natafuta kitu, nikikitazama kidole chake hadi damu ikatike.

Mpaka sasa imekuwa ikikatika.