Nyuki nyeusi za jirani

Niwaambie ukweli, wivu ilitaka kuniua. Hapa kwetu Bukoto, Ramadhani ikifika watu walizoea kufuturu na juisi yangu ya butunda, ile pasheni ya manjano inapanda kwa waya. Lakini mwaka jana mti yangu ilitoa maua, maua, maua, halafu yote puu, chini. Tunda hata moja hakuna.

Upande wa pili wa fensi kuna jirani yangu Mkenya, mama wa kanisa, hata hafungi. Kwake butunda ilining'inia mpaka waya ikalala! Na huyo mtu hapalilii, maua ya porini imejaa kila mahali. Mimi nafagia kila asubuhi mpaka udongo inang'aa kama sahani. Wajukuu yangu, adabu hakuna, wakaanza kupeleka jagi kwake. Nikaonja juisi. Ilikuwa tamu, na hiyo ndiyo iliniuma.

Nikamwita kwa heshima pale kwa fensi. "Nyabo, unaweka dawa gani?"

"Dawa gani, Haboba?" Ananiita bibi, kama wajukuu yangu. "Mimi niko na nyuki."

Akanionyesha nguzo yake mbovu, imetobolewa kama filimbi. Nyuki nyeusi, kubwa kama kidole gumba, zinaingia zinatoka, vuuu, mgongo imejaa unga ya maua.

"Hizi ndizo zinabebesha butunda. Zako zilienda wapi?"

Ikabidi nimwambie. Nguzo ya jikoni yangu ilikuwa na matundu kama hizo. Mimi mwenyewe nilimwaga mafuta ya taa, nikaziba na sabuni, shimo kwa shimo, huku naimba.

"Haboba! Umeua wakunga, sasa unalilia mtoto!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Nikameza aibu, nikaomba kipande ya nguzo yake, na nyuki ndani. Akanikatia. Nimeifunga karibu na mti yangu, na kona moja sifagii, maua ya porini iote, ingawa mikono inaniwasha. Sasa niko na tunda saba! Lakini saba haijazi jagi, na Ramadhani iko karibu.

Jana mchana nyuki ikatoka kwa maua yangu, ikaruka fensi. Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia. Imeingia kwa maua yake!

"Wewe!" nikaiita. "Rudi hapa, hujamaliza!"

Jirani akainua kichwa. "Haboba, sasa unagombana na nyuki?"

"Nagombana na wewe. Waambie maua yako wafunge mdomo mpaka Idi!"