Usiku Uliolipwa kwa Dagaa

Kaka yangu alikuwa ameshaamua. Nyumba ya Makambako ifungwe, mama ahamie kwake Dar es Salaam, na mimi niache ndoto zangu za kupangisha vyumba. Aliyasema hayo kwa upole, kama anavyosema mambo yote ambayo hataki kuyajadili. Baba alikuwa amefariki, nyumba ni kubwa, bati la upande wa jikoni linavuja, na mama anaishi peke yake na redio.

Mama hakutaka kwenda. Kwa kaka alisema tu kwamba Dar es Salaam huwezi kulala bila feni, na feni humwumiza kichwa. Kwangu alisema wazi: "Baba, nikiondoka hapa nitakuwa mtu wa kukaa kwenye kochi nikisubiri chakula."

Nikamwomba kaka mwaka mmoja. Vile vyumba viwili vya uani, ambavyo baba alivijenga kwa ajili ya wajukuu ambao mpaka sasa hatujamzalia, vingeweza kuitunza nyumba na mama akabaki. Makambako ni mji wa watu wanaopita. Barabara ya Songea inaachana na ya Mbeya pale mjini, na kila siku kuna mtu aliyekosa gari.

"Mwaka mmoja," kaka alisema. "Ila usiniletee matatizo na serikali."

Nilivitangaza vyumba kwenye ile programu ya simu inayotumiwa na watu wa nchi nyingi. Nilipiga picha za vitanda, mablanketi mazito na dirisha linaloangalia mikaratusi. Mimi naishi Njombe, ambako nafundisha kwa muda katika shule ya binafsi, kwa hiyo tuligawana kazi: mimi nashughulikia simu na malipo, mama anashughulikia shuka, maji ya moto na mazungumzo. Mama ni mzee wa kanisa. Mazungumzo anayaweza.

Mgeni wa tatu alikuwa mnunuzi wa parachichi. Asubuhi mama alinipigia.

"Mgeni wako anataka risiti."

"Umemwambiaje?"

"Nimempa asali."

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali, na mimi nikianza kuuliza huwa sijui kuacha. Programu ile ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu jambo hilo: mwenye nyumba anawajibika kulipa kodi zote za mahali alipo. Zipi? Haikusema. Kwa nani? Haikusema. Nilikwenda ofisi moja Njombe, nikaambiwa kwamba pale wanashughulika na kodi ya mapato, na ushuru wa kulala wageni niuulize halmashauri ya mji nyumba ilipo. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Kila jibu nililopewa katika safari ile lilikuwa sahihi, na nilipoyaweka pamoja nikajikuta sijui chochote.

Makambako, dada wa dirishani alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa kijana wa rika langu, amevaa koti zito na skafu, maana upepo ulikuwa unaingia mpaka kwenye mafaili.

"Ni gesti?" akauliza.

"Siyo gesti hasa."

"Ina kibao nje?"

"Haina."

"Ina baa?"

"Hapana. Mama ni mzee wa kanisa."

"Ina mapokezi?"

"Kuna mama."

Akacheka, kisha akaandika kitu. Nikamwuliza kama nyumba ya mtu inageuka nyumba ya biashara kwa sababu ya kitanda, au mlango, au malipo, na kama chumba ambacho leo kimelipiwa na kesho kimelala binamu kinabadilika kila siku. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wa kidato cha pili wanapouliza Mungu aliumbwa na nani.

"Kaka, wewe leta kitabu cha wageni cha mwezi mmoja. Tutapiga hesabu ya usiku uliolaliwa, utalipa, utapata kibali. Kitabu kisipoeleweka, kibali hakitoki, na bila kibali vyumba mnafunga."

Hilo niliweza kulielewa. Nikanunua kaunta buku, nikachora safu kwa rula: tarehe, jina, anakotoka, anakokwenda, kazi, sahihi. Safu ya malipo sikuiweka, kwa sababu malipo yalipitia kwenye simu yangu na niliona ningerudia kazi. Nikampa mama kitabu na maelekezo ya sentensi moja: "Kila anayelala aandikwe."

Mwezi ulipokwisha nilikichukua kitabu, nikakitia kwenye mfuko, nikakipeleka ofisini bila kukifungua. Mimi ambaye nasoma masharti ya kila kitu, mpaka karatasi inayokuja ndani ya boksi la pasi, sikusoma kitabu cha mama yangu. Nilijua kilichomo. Kwenye simu yangu kulikuwa na usiku kumi na moja.

Dada wa dirishani alipindua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Mna vyumba vingapi vile?"

"Viwili."

"Ijumaa hii hapa wamelala watu kumi na tisa."

"Haiwezekani."

"Wamesaini." Akakigeuza kitabu nikione.

Ilikuwa kwaya ya vijana kutoka Wanging'ombe. Walikuja kwenye tamasha la kanisa, wakalala sebuleni juu ya magodoro ya kuazima. Mama alikuwa amewaandika wote, na kwenye safu ya kazi ameandika sauti ya kwanza, sauti ya pili, sauti ya tatu, besi. Chini yao alikuwepo shangazi kutoka Iwawa aliyekuja kutibiwa macho. Alikuwepo fundi wa bati. Alikuwepo mwinjilisti, mara mbili. Alikuwepo mwanamke kutoka Manda, kazi: dagaa. Nilikuwepo hata mimi, Jumamosi mbili, ninakotoka Njombe, ninakokwenda Njombe, kazi mwalimu, na mahali pa sahihi mama ameandika "alikuwa bado amelala."

"Besi wanne chumba kimoja," dada akasema. "Majirani walilala kweli?"

"Hawa hawakulipa. Futa."

"Siwezi kufuta kitabu cha mtu. Aliyeandika alete maelezo aliyoyasaini. Na mimi Ijumaa nafunga mwezi."

Niliandika barua usiku huohuo kwa lugha niliyoamini ni ya kiserikali, na kesho yake jioni nikaipeleka kwa mama. Alivaa miwani, akasoma taratibu: nathibitisha kwamba majina yafuatayo yaliingizwa kimakosa.

"Makosa yapi?"

"Ni lugha ya barua tu, mama."

"Walilala au hawakulala?"

"Walilala."

"Basi makosa yako wapi?"

Nikamweleza kwamba ofisi ile haitaki kujua nani amelala, inataka kujua nani amelipia. Akanishangaa. Tangu aolewe, alisema, mtu akilala kwake, asubuhi balozi wa nyumba kumi ana jina lake, anakotoka na anakokwenda. Ndivyo serikali ilivyotaka, na baba alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Aliwahi kumrudisha shemeji yake njiani akaandikishwe kwanza. Sasa mtoto wake anamletea daftari lenye safu zilezile, anamwambia kila anayelala aandikwe, halafu anarudi na barua ya kusema aliyeandika amekosea.

Serikali moja ilikuwa imemfundisha kuhesabu watu waliolala, na ofisi nyingine ya serikali hiyohiyo ilikuwa inahesabu kitu kingine, na mimi ndiye niliyekuwa nimechora safu. Niliuliza chuo kikuu maswali magumu kuhusu dola, nikapata alama nzuri. Hili halikuwahi kutoka kwenye mtihani.

"Mama, usiposaini, vyumba vinafungwa. Vikifungwa, kaka anakuja kukuchukua."

Akaikunja barua mara mbili.

"Mimi Jumapili nasimama mbele ya usharika nasoma matangazo," akasema. "Nikisaini kwamba kitabu changu ni cha makosa, wataniamini nikisoma nini? Ijumaa nitakwenda mwenyewe."

Ijumaa alivaa vitenge vyake vya semina na kilemba. Dirishani aliinama kidogo, akasalimu kwa Kibena. "Kamwene."

Dada akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama. "Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kitabu changu kinakusumbua."

Wakapatana haraka kuliko nilivyotegemea. Hakuna mstari utakaokatwa. Dada alichukua rula, akachora safu mpya pembeni, akaandika juu yake "malipo". Kwa kila asiyelipa ataandika hivyo, na mama atasaini mbele yake. Mimi nilikaa kwenye benchi na simu yangu, nikisoma wale waliolipia. Mama alisaini mara kumi na tisa kwa ajili ya kwaya, herufi zilezile za duara, bila kuharakisha, huku watu wa foleni wakiguna nyuma yetu. Akasaini kwa shangazi, kwa fundi wa bati, kwa mwinjilisti. Alipofika kwangu akasema, "Huyu hajalipa tangu azaliwe," na foleni nzima ikacheka.

Kisha wakafika kwa mwanamke wa Manda.

"Huyu naye hakulipa," dada akasema, kalamu tayari.

Mama hakusaini.

"Aliacha dagaa," akasema.

"Hiyo ni zawadi, mama."

"Hapana. Zawadi mtu anakukabidhi akiingia, au anakumiminia tu. Huyu asubuhi aliniuliza bei, nikamwambia hakuna bei, ulikosa gari, nenda salama. Akakataa. Akaomba kopo, akapima."

"Akapima?"

"Makopo mawili. Mtu hapimi zawadi."

Dada aliniangalia. Mimi nilimwangalia mama. Nilisogea, nikamnong'oneza kwamba tukiandika hakulipa tunamaliza, kibali kinatoka, tunakwenda nyumbani. Nilimkumbusha kaka. Nilimwambia kwamba hakuna mtu katika nchi hii anayetafuta kodi ya dagaa.

"Nao niliwala," mama akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona. "Unataka nisaini kwamba sikupokea?"

"Mama, mfumo hauna dagaa," dada akasema, akionyesha kompyuta. "Unapokea shilingi tu."

"Kopo linauzwa. Bei yake unaijua, usinidanganye, nawe ni mtu wa sokoni kama mimi."

Dada akaingia chumba cha ndani. Tulisikia sauti yake, kisha ya mwanamume, kisha kicheko, kisha kimya. Kile kimya kilinitisha. Niliwaza kwamba sasa watasema kitabu hakieleweki, na kwamba mama yangu atakwenda kukaa kwenye kochi la Dar es Salaam kwa sababu ya makopo mawili ya dagaa ambao hata mimi sikubakiziwa. Nilimkasirikia. Halafu nikajiuliza ninamkasirikia kwa lipi. Mimi ndiye ninayesema kila siku kwamba watu wa nchi hii wanaandika uongo kwenye fomu. Sasa amepatikana mmoja anayekataa, na nimesimama naye dirishani nikimbembeleza aandike.

Dada alirudi, akakaa, akaandika kwenye safu bei ya makopo mawili kwa shilingi. "Usiku mmoja, umelipiwa," akasema. Mama akasaini. Ushuru wa usiku ule ulikuwa mdogo kuliko bei ya soda. Namba ya malipo ikatoka, nikalipa kwa simu yote kwa pamoja, usiku kumi na mbili badala ya kumi na moja, na kabla ya saa sita mchana kibali kilikuwa mikononi mwa mama. Alikisoma mpaka kwenye muhuri, akauliza kama nakala moja inabaki ofisini.

Nilimpigia kaka tukiwa nje, upepo ukipiga kwenye simu.

"Kibali kimetoka," nikasema. "Mama anabaki."

"Matatizo?"

"Hakuna. Tumelipia mpaka dagaa."

"Mmelipia kodi dagaa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilianza kueleza habari ya kopo, ya kupima na kumimina, nikasikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa haieleweki. Nikajaribu kuanzia kwa balozi. Kaka alinisikiliza kama anavyowasikiliza watu wanaotaka kukopa.

"Nipe mama," akasema.

Mama alichukua simu, akasikiliza kidogo. "Hapana," akasema. "Hata mwakani sijui. Ndiyo. Wewe njoo Desemba, uje na koti." Kisha akasema lazima akate, kuna mtu amelipia chumba kwa leo na shuka bado ziko kwenye kamba.

Tulitembea mpaka nyumbani. Njiani nilimwuliza, kama yule mwanamke asingeomba kopo, angemimina tu dagaa kwenye ungo na kuondoka, je, tungekuwa tumelipa?

"Tusingelipa."

"Lakini ni dagaa walewale, mama. Kitanda kilekile."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tofauti iko wapi?"

Mama akakiweka vizuri kibali ndani ya kitenge kisichukuliwe na upepo. Tulipofika getini akanipa funguo, akaniambia niwashe jiko la mkaa, maana mgeni anatoka Songea na atataka maji ya moto.