Nyapara wa Treni ya Chini

Mwanzoni mwa mwaka themanini na tatu, wakubwa wa pamba wa Bunda walialikwa Mosko kujifunza kilimo kwenye theluji. Msafara ulihitaji mkulima mmoja wa kweli, angalau wa kupigwa picha, wakamchukua Machage. Binti yake Kwangu alikuwa anaolewa Juni, na madukani Musoma hapakuwa na kiatu hata cha kutazama. Mkewe Jeska alimwagiza kitu kimoja tu: viatu vyeupe vya bibi harusi.

Siku ya mapumziko mkuu wa msafara, Bwana Felisiani, aliyejua shamba kwa kulipita na Land Rover, aliwaongoza kwenda duka kubwa ng'ambo ya jiji kwa treni ipitayo chini ya ardhi. Ngazi ziliwashusha zenyewe. Machage akaanza kukagua dari. Ujanani alikuwa nyapara wa mgodi wa dhahabu Kiabakari, na nyapara hatoki shimoni mpaka wote alioshuka nao wametoka.

Wakafika kituo cha duka.

"Mzee, tushuke," Felisiani alisema.

"Tangulieni. Hawa wenzetu bado wamo. Mimi natokaga wa mwisho."

"Hawa hawaishi, mzee."

"Ndiyo maana wanataka nyapara."

Treni ilikuwa ya kuzunguka. Wakishuka hawa, wanapanda wale. Alikaa humo mchana kutwa akikagua dari, hadi mama mmoja wa kituo, mwenye kofia nyekundu, alipowatoa abiria wote. Duka lilikuwa limeshafungwa. Hotelini alimkuta Felisiani amekalia sanduku ili lifungike.

"Viatu?" Jeska aliuliza alipofika nyumbani, hata kabla ya pole ya safari.

"Watu wote walitoka salama."

"Basi waite hao watu waje wamvalishe Kwangu."

Wiki ile ile serikali ikaanza kuwasaka wahujumu uchumi. Aliyekuwa na sabuni ya akiba hakupata usingizi. Felisiani, mhutubiaji hodari dhidi ya walanguzi, akafika kwa Machage na mkokoteni uliofunikwa majani ya viazi.

"Baba, wewe unayajua mashimo ya Kiabakari."

"Nayajua. Lakini sishukagi na mzigo nisioujua. Fungua."

Sabuni, dawa ya meno, viatu vyeupe.

"Hivyo ni vya mama watoto, baba."

"Basi shuka navyo mwenyewe."

Kule mgodini Felisiani alichungulia shimo, akamkabidhi Machage viatu.

Juni Kwangu aliingia kanisani navyo, vikubwa kidogo, vimejazwa pamba ya daraja la kwanza. Mgeni rasmi, Felisiani, hakubandua macho miguuni pa bibi harusi. Ibada ilipokwisha watu wakakimbilia nyama. Machage alibaki mlangoni.

Jeska akamvuta koti. "Twende, itaisha."

"Tangulia. Bado watu wamo."