Siku Ambayo Haikunyesha

Juzi nilipita Bukombe kwa bodaboda, mjukuu wangu akiendesha, nikamwambia asimame penye msitu wa serikali. Siku hizi kuna bango: ni marufuku kuingia na silaha. Akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia hapana.

Rafiki yangu, enzi zetu bango halikuwepo. Palikuwa na njia iliyofyekwa kuonyesha mpaka, na mti wenye panda. Babu, tuliyemwita Guku, alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe pori kwenye viazi. Kibali chake kilikuwa cha shambani tu. Alipokwenda kurina asali humo msituni, alilitundika gobole kwenye ile panda, akatia kopo la baruti mfukoni, akaingia na shoka na kamba. Mimi nilibaki kulilinda, nikitafuna michembe ya bibi, vile viazi vikavu, pamoja na karanga.

"Huku ni kwa serikali," alirudia kuniambia kila safari. "Ukivuka nalo, hata begani, hata tupu, umevunja sheria."

Siku moja watoto wa jirani walipita na mbuzi. Wakanisalimu kwa heshima ya kejeli. "Shikamoo, mlinzi wa mti," akasema mkubwa wao. "Hiyo bunduki ni ya babu yako au ya mti?"

Wakacheka. Nikalishusha gobole, nikaliweka begani kama askari, nikavuka njia ile nikitembea kwa madaha ili wanione vizuri. Sikufika mbali. Bwana misitu alikuwa anakuja mbele yangu.

Guku alisikia sauti zetu, akatokea akinuka moshi na asali. Aliponiona na lile gobole alimwambia bwana misitu, "Ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia aniletee."

Nami nikanyamaza. Walitangulia wawili hao kwenda kituoni, gobole likiwa begani kwa bwana misitu. Guku alifungwa, na gobole halikurudi.

Nyumbani nilisema mvua ilianza kunyesha, nikahofia gobole litalowa, ndiyo maana nikampelekea. Bibi akanisifu kwa akili. Msimu ule alipiga debe shambani asubuhi na jioni mpaka viganja vikavimba, na nguruwe hawakujali. Michembe hatukuanika. Kila debe lilipolia nilitoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena.

Guku alirudi amekonda. Alikaa, akanywa uji wa mtama, akaniuliza taratibu, "Eti siku ile ilinyesha?"

Nikasema ndiyo.

Akanitazama. Siku ile alikuwa humo humo msituni, juu ya mti, na shati lake lilikuwa kavu. "Basi," akasema, "ilinyesha upande wako tu."

Hakuniuliza tena mpaka anakufa. Bibi naye alikufa akijua mimi ni mtoto mwenye akili.

Ule mti wa panda umekatwa, na mizinga hakuna. Shamba la viazi sasa ni mashimo ya wachimba dhahabu, na mashine za kusaga mawe zinaunguruma pale debe lilipolilia. Hakuna aliyebaki wa kumwomba radhi. Mjukuu alikuwa ameshawasha pikipiki, anasubiri nipande.

"Zima kwanza," nikamwambia. "Nataka kukwambia habari ya siku moja hapa. Haikuwa na mvua."